Sherehe za Kihumanisti Moshi na Arusha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kazi yangu ni kuongoza harusi, shughuli za kumpa mtoto jina na mazishi ya watu wasiotaka ibada, kati ya Arusha, Moshi na vijiji vya mlimani. Maswali haya naulizwa kwenye vikao vya kamati, kwenye Kosta, na zaidi ya kote msibani, nyuma ya nyumba, na kina mama wanaomenya ndizi. Nimeyapa namba ili jibu moja likihitaji jingine nikuelekeze tu, nisirudie.

## Mambo ya mwanzo

1. Humanisti ni mtu wa namna gani?

Ni mtu anayeona kwamba maisha tuliyo nayo ni haya, kwamba jema na baya tunalipima kwa akili na kwa kumwonea mwenzetu huruma, na kwamba hatuhitaji kutishiwa moto ndipo tutende haki. Wengi wao hawaamini kwamba kuna Mungu, na wengine husema tu kuwa hawajui. Umoja wao wa dunia, Humanists International, ulianzishwa Amsterdam mwaka 1952, na tamko la mwaka ule limefanyiwa marekebisho mara mbili, 2002 na 2022. Hakuna kitabu kitakatifu, hakuna zaka, na hakuna wa kukutenga ukibadili mawazo.

Kiswahili kina neno lililo jirani kabisa: utu. Anayemwambia mwenzake "huna utu" hamuulizi kwanza anasali wapi. Lakini mwenye utu anaweza kuwa shekhe, katekista au mlevi wa kilabuni, kwa hiyo utu peke yake haumtofautishi humanisti na jirani yake. Ndiyo maana ninatumia hili neno la kukopa, ingawa halijakaa vizuri mdomoni.

2. Hii si Freemason?

Swali hili huja ndani ya dakika kumi za kwanza, bila kukosa. Hapana. Tena Freemason wa utaratibu wao wa kawaida humtaka anayejiunga akiri kwamba yupo Mungu aliye juu ya wote, kwa hiyo humanisti wengi wangeishia mlangoni. Kuhusu utajiri wa ghafla, pikipiki yangu bado ina marejesho ya miezi saba.

3. Ni ule uhumanisti wa Kaunda, au ni Ujamaa?

Wazee wa siasa ndio wanaouliza, na wana haki ya kuchanganyikiwa. Mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, Kenneth Kaunda wa Zambia aliita itikadi ya nchi yake kwa jina hilihili. Ila Kaunda alikuwa Mkristo na aliujenga juu ya imani yake, kama Mwalimu Nyerere, Mkatoliki wa kusali kila siku, alivyohubiri usawa bila kuacha misa. Ile ahadi ya TANU kwamba binadamu wote ni ndugu zangu, humanisti yeyote angeitia sahihi. Hata hivyo, wao walikuwa wakisema namna ya kuendesha nchi. Hapa tunazungumzia namna ya kumzika mtu asiyekuwa na dini.

4. Si mambo ya Wazungu haya?

Jina limetoka kwao, sikatai. Lakini na wamisionari Wakatoliki walipofika Kilema mwaka 1890, na Walutheri wa Leipzig walipofika Machame mwaka 1893, hawakutokea Kibosho. Kitu kuja na meli hakukizuii kuwa chetu.

Kuna wanaopenda kunijibia kwamba wazee wetu wa Kichagga walikuwa wahumanisti kabla ya dini. Si kweli, na sipendi hoja hiyo. Wazee walimjua Ruwa, yaani Mungu wao, waliwalisha wahenga, na hawakuwa na shaka hata kidogo. Walichotuachia ni mambo ambayo mtu asiye na dini anaweza kuyashika bila kujidanganya: jani la isale ukienda kumwomba mtu msamaha, kata moja ya mbege, pombe yetu ya ndizi, inayozunguka kwa waliopatana, kaburi ndani ya kihamba, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, katikati ya migomba aliyoipalilia marehemu mwenyewe.

Waafrika wasio na dini wapo pia kwa majina yao. Mwandishi Wole Soyinka wa Nigeria alipewa tuzo ya kimataifa ya wahumanisti mwaka 2014. Nchini kwake hukohuko, Mubarak Bala, kiongozi wa chama cha wahumanisti, alikamatwa mwaka 2020 kwa maneno aliyoandika Facebook na mwaka 2022 akahukumiwa kifungo cha miaka 24, kilichopunguzwa baadaye na mahakama ya rufaa. Huyo hakuwa akiiga Wazungu kwa starehe.

5. Kweli sherehe hizi zinaongezeka?

Huko zilikoanza, ndiyo, na kwa kasi. Uskoti iliruhusu ndoa za kihumanisti zenye nguvu ya sheria mwaka 2005, na ya kwanza ilifungwa kwenye bustani ya wanyama ya Edinburgh. Haikupita miaka 15, ndoa hizo zikawa nyingi kuliko zinazofungwa na Kanisa la Uskoti lenyewe. Ireland ilibadili sheria yake mwaka 2012. Norway ndiko kwenye chama kikubwa, wanachama zaidi ya 100,000, na nguvu zao hawakuzipata kwenye harusi bali kwa vijana (tazama swali la 13).

Kwetu hakuna anayehesabu. Sensa ya Tanzania haijauliza dini tangu ile ya mwaka 1967, kwa hiyo atakayekutajia asilimia ya wasio na dini amejitungia. Ninachoweza kusema ni kwamba zamani nilitafutwa na wageni na wenzi wao wa Kitanzania, na sasa napigiwa simu na mwalimu wa sekondari, muuguzi, dereva wa watalii. Wengi huanza kwa sauti ya chini: "Samahani, hapa ulipo uko peke yako?"

6. Sheria inaniruhusu kutokuwa na dini?

Ndiyo. Ibara ya 3 ya Katiba ya mwaka 1977 inasema Jamhuri ya Muungano haina dini, na ibara ya 19 inalinda uhuru wa kila mtu katika mambo ya imani, pamoja na kubadili. Kuitwa mpagani au kafiri na mashemeji ni jambo jingine, na hilo Katiba haijalifikia.

## Harusi

7. Ukitufungisha wewe, tumeoana kisheria?

Hapana. Nisome vizuri hapa, kwa sababu ndipo watu wanapojiponza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, inatambua ndoa ya kiserikali, ya kidini na ya kimila. Mwongoza shughuli wa kihumanisti hayumo. Kwa hiyo mnakwenda kwanza kwa msajili, ile watu wanayoita ndoa ya bomani: mnatoa taarifa ya nia ya kuoana siku 21 kabla, inabandikwa ili mwenye pingamizi ajitokeze, mnafika na mashahidi wawili, mnapewa cheti. Sherehe yangu inakuja baadaye, siku hiyohiyo au Jumamosi inayofuata.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui: ndoa ya bomani huchukuliwa kuwa ya mke mmoja isipothibitishwa vingine, wakati ya Kiislamu na ya kimila huchukuliwa kuwa inaweza kuwa ya wake wengi. Ulizaneni mapema. Na usimwamini anayekwambia "kaeni tu miaka miwili, sheria itawatambua." Kifungu cha 160 kinatoa dhana ya ndoa kwa waliokaa pamoja miaka miwili na jamii ikawajua kama mke na mume, lakini dhana inaweza kupingwa mahakamani, na kwa kawaida hupingwa siku mmoja amefariki na ndugu wamekuja na lori.

8. Sherehe yenyewe inakwendaje?

Nakutana nanyi mara tatu. Mara ya pili namtaka kila mmoja peke yake, na namuuliza lini alijua kwamba ni huyu. Majibu hayalingani hata siku moja, na tofauti hiyo ndiyo hadithi nitakayoisimulia mbele ya watu. Ahadi mnaziandika wenyewe. Nazipitia tu kuondoa zile zisizotekelezeka, maana kijana mmoja wa Sakina alitaka kuahidi kwamba hatakasirika kamwe.

Siku yenyewe huchukua kama dakika 40. Wazazi wa pande zote wanasimama na kusema neno, wenzi wanasomeana ahadi, wanavishana pete kama wanazitaka. Harusi moja ya Marangu, badala ya pete, bibi wa bwana harusi aliwanywesha mbege kwenye kata moja, akaifuta kwa kiganja, akainywa iliyobaki mwenyewe huku watu wakipiga vigelegele. Sikuwa nimepanga hilo, na nilikaa kimya kama mgeni mwingine yeyote.

9. Mmoja wetu ni Mwislamu, mwingine Mkristo. Tunafaa?

Ninyi ndio wateja wangu wengi kwa upande wa Arusha. Bomani hawawatakeni mbadili dini, na mimi vilevile. Hamhitaji kujiita wahumanisti. Nitakachokataa ni kuwa kichaka cha kujifichia: kama wazazi hawajaambiwa, nendeni mkawaambie kwanza. Kuna baba alijulishwa na kadi ya mwaliko, akafika na kukaa kiti cha nyuma kabisa mpaka mwisho bila kusema neno. Ningependelea angepiga kelele.

10. Na mahari, mshenga, send-off, ndafu?

Vyote vipo kama kawaida. Humanisti anakula ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma. Kadi za mchango zinachapishwa, kamati inakaa kila Jumapili, na MC anabaki MC, mimi simwingilii. Mahari ni mjadala wa wenzi wenyewe na wazee wao. Wapo walioamua itolewe kama shukrani tu, mbuzi na debe la mbege, na wazee wakaridhika baada ya vikao vinne.

11. Sisi ni wageni, tunataka kuoana tukiuona Kilimanjaro.

Inawezekana. Utaratibu ni ule wa swali la 7, na msajili atataka nyaraka za kwenu zinazoonyesha kwamba hamjaoa au kuolewa. Mlima hujifunika mchana miezi mingi. Wekeni sherehe asubuhi.

## Watoto

12. Mtoto asipobatizwa atapata cheti cha kuzaliwa? Na jina tunampaje?

Cheti kinatoka RITA, wakala wa serikali wa usajili, hakitoki parokiani. Hospitali ikikupa tangazo la kizazi, mwandikishe ndani ya siku 90 na umemaliza. Hofu hii imetokana na waliochelewa miaka mingi, wakaambiwa walete vielelezo, na cheti cha ubatizo kikawa ndicho pekee kilichokuwa kabatini. Kadi ya kliniki na cheti cha darasa la saba navyo ni vielelezo.

Shughuli ya jina ni fupi na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Uchaggani mtoto wa kwanza wa kiume huwa amekwisha kupata jina la babu yake mzaa baba kabla hajazaliwa, kwa hiyo hatubuni, tunaeleza. Babu au mtu aliyemjua vizuri anasimulia mwenye jina alikuwa nani. Wazazi wanataja watu wawili watakaomsimamia mtoto, na hao wanasema mbele ya wote watafanya nini: nani atamlipia ada wazazi wakikwama, nani atamfundisha kuogelea.

13. Wenzake wote wanafanya kipaimara. Wangu atakaa bila sherehe?

Suala hili ni zito kuliko linavyosikika, kwa sababu Moshi kipaimara ni suti mpya, turubai, mbuzi na picha ukutani. Ukimwambia mtoto wa miaka 14 kwamba sisi hatuamini, halafu ukamwacha Jumapili ile akiangalia turubai za majirani, umemfundisha kwamba kutoamini ni adhabu.

Wanorwe walilitatua mwaka 1951: vijana wanasoma miezi kadhaa, maadili, haki za binadamu, namna ya kupima habari ya kweli na ya uongo, kisha wanasherehekewa na familia ukumbini. Hadi leo maelfu hupitia humo kila mwaka. Iceland nayo ilianza mwaka 1989. Kwetu hakuna kozi ya namna hiyo, na kwa mtoto mmoja mmoja ni vigumu kuijenga. Familia nilizozisaidia zilimpa kijana kazi ya miezi mitatu: kuandika historia ya ukoo kwa kuwahoji wazee, kisha kuisoma mbele yao siku ya sherehe. Binti mmoja wa Uru aligundua kwamba shamba walilodhani ni la ukoo lilinunuliwa na bibi kwa fedha za kuuza maziwa. Ukumbi ulinyamaza, halafu bibi akacheka. Na ndiyo, mbuzi alichinjwa.

## Misiba

14. Sishiriki jumuiya ya kanisa. Nani atanizika?

Hii ndiyo hofu inayowabakiza watu wengi kanisani kuliko mahubiri yoyote. Wanasema wazi: naenda jumuiya ili siku yangu padre asigome. Siwalaumu.

Kwa bahati, ukiwa na kihamba, nusu ya tatizo haipo, kwa sababu kaburi liko nyumbani na si kwenye ardhi ya kanisa. Mjini utahitaji nafasi kwenye makaburi ya umma kupitia halmashauri. Kote kunahitajika kibali cha mazishi, na kifo kiandikishwe ndani ya siku 30. Kinachobaki ni watu: wa kuchimba, wa kubeba, wa kupika. Hao hawatoki kanisani, wanatoka kwa majirani uliowachimbia wewe. Kwa hiyo usipokwenda jumuiya, nenda misibani. Kila msiba.

15. Mazishi bila ibada yanakuwaje? Si ukimya mtupu?

Umewahi kuhudhuria mazishi ambapo mahubiri ni saa nzima, matangazo ya michango nusu saa, na wasifu wa marehemu unasomwa dakika tatu na mpwa asiyejua miaka? Sisi tunaugeuza mpango huo. Wasifu ndio shughuli.

Nikiitwa, nalala palepale msibani usiku mmoja. Nakaa na mjane, na watoto, na rafiki wa kilabuni, na adui mmoja akipatikana. Naandika kwa mkono. Kesho yake, baada ya mwili kutoka mochwari na watu kutoa heshima za mwisho, nasoma kwa muda wa nusu saa, na katikati wanasimama watu watatu au wanne. Kunakuwa na nyimbo, kunakuwa na kimya cha dakika mbili ambacho mwenye dini anasali kwa namna yake, kisha udongo na mashada kama kawaida.

Nilimzika hivyo mzee mmoja aliyekuwa fundi wa mashine za kumenyea kahawa. Mjukuu wake wa kike alileta spana namba 17, mpini umezungushiwa kipande cha mpira wa baiskeli, akaiweka juu ya jeneza. Mzee mmoja pale nyuma akasema kwa sauti, "Hiyo ndiyo ilifungua mashine yangu mwaka wa mvua." Watu wakaanza kutaja mashine zao, mmoja baada ya mwingine, na mimi nikafunga karatasi yangu.

16. Sasa mnamkabidhi nani?

Aliniuliza hivyo shangazi wa marehemu, akiwa ameshika mkono wangu: "Mwanangu, padre humkabidhi kwa Mungu. Wewe unamkabidhi nani?" Nilimwambia, "Shangazi, tunamrudisha kwenye ardhi ya baba yake, na yale aliyotutendea tunabaki nayo sisi." Akafikiri. Akasema, "Haitoshi." Pengine ni kweli haitoshi, kwake. Nilimwomba aseme sala yake wakati wa kimya, akaisema, kwa sauti, na hakuna aliyekereka.

17. Nikiandika kwamba sitaki ibada, familia italazimika kufuata?

Usitegemee karatasi peke yake. Wakenya wanaikumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986: mjane alitaka amzike karibu na Nairobi, ukoo ukataka Siaya, na baada ya miezi mitano mochwari na mahakamani, ukoo ukashinda. Maiti haina nguvu ya kubishana.

Andika, ndiyo, na mpe nakala mtu asiyeogopa baba zako wadogo. Lakini kubwa zaidi, sema ukiwa hai, Desemba, watu wote wakiwa wamepanda nyumbani. Sema mara mbili. Na waachie kitu: wimbo mmoja wa mama yako, neno moja la mchungaji kama jirani. Waliokataa kila kitu ndio waliozikwa na kila kitu.

18. Kuna mambo ya marehemu hayasemeki. Utayasoma?

Nitasoma yaliyo ya kweli na yasiyomvunjia heshima aliye hai. Kosa langu kubwa nililifanya Machame. Familia ilinipa watoto watano, nikasoma watano. Wa sita alikuwa amesimama kwenye migomba, kijana wa miaka kama 20, sura ileile ya marehemu, na akaondoka kabla ya udongo. Hakuna aliyenilaumu, na ndilo lililoniuma. Tangu siku hiyo nauliza, "Watoto ni wangapi?" na nikijibiwa nauliza tena, "Wote?" Wakikataa nisiwataje wa nje kwa majina, nasema "watoto wake wote, waliopo hapa na wasiopo," na namtafuta kijana wangu kwa macho.

Marehemu akiwa amejitoa uhai, nakuja bila masharti na simhukumu. Chanzo cha kifo kinatajwa kama familia inavyotaka kitajwe.

19. Kuchomwa badala ya kuzikwa?

Jamii ya Kihindu hufanya hivyo miaka yote, kwa hiyo si kitu kigeni nchini. Kwa Mchagga au Mmeru, tarajia vikao virefu. Soma tena swali la 17.

## Ya pembeni

20. Mimi ni muumini. Nikihudhuria natenda dhambi?

Hilo muulize kiongozi wako wa dini. Nijuavyo, hutaombwa kutamka chochote unachokikataa, na chakula ni kilekile.

21. Mahakamani nitashika kitabu gani?

Hakuna. Asiye na kitabu huthibitisha badala ya kuapa, na ushahidi wake una uzito uleule, kama na adhabu ya kudanganya ilivyo ileile.

22. Unatoza kiasi gani, na nani anaweza kuongoza?

Harusi tunakubaliana kulingana na umbali. Msiba sitozi, nauli na bakuli la mtori. Kuongoza anaweza mtu yeyote anayejua kusikiliza, na hakuna leseni, kwa sababu hakuna anayeitoa (sababu iko kwenye swali la 7). Ukiwa na mjomba mwenye sauti nzuri na daftari, huenda hunihitaji. Mwambie tu afike jana yake, si asubuhi ya mazishi.